Mguu wa Mfano

Mama Mazoezi alikuwa akisalimiana na magoti. Mkikutana sokoni, hujamaliza kufungua mdomo, macho yake yameshashuka chini ya kiuno chako, yanapima paja la kulia na la kushoto, lipi limejaa na lipi limesinyaa, halafu ndipo anaitikia, tena anaitikia kule kule chini. Wengi walisema ana dharau. Mimi sikuona dharau. Niliona kwamba miguu yangu anaifahamu kuliko anavyonifahamu mimi mwenyewe, na hilo lilinitisha zaidi. Ukipita nje ya nyumba yake amekupa mgongo, anakuita jina kwa kusikia hatua tu. Na ukiwa umeazima viatu, anakuuliza ni vya nani.

Jina lake silitaji. Alizaliwa wapi, kabila gani, aliolewa na nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza, likanikaa kooni miaka na miaka: mguu huu wa kulia ninaoutembelea ni wangu, au ni wa mama yangu mzazi? Najua mtacheka. Chekeni, mkimaliza niwasimulie.

Kazi yake ilikuwa mapaja. Hospitali ya serikali ilimsomesha na kumtumia, na zilipofika enzi za ruksa, watu wakaruhusiwa kufungua vyao na wagonjwa wakaanza kuambiwa wachangie gharama, akaacha kazi akafungua chumba nyumbani kwake, Kihonda. Chumba chenyewe kilikuwa na mkeka, benchi, vifuko vya turubai vilivyojazwa mchanga vya kufunga kifundoni, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliofungwa kwenye nondo ya dirisha, na ngazi. Ngazi ya mbao, imepanda mpaka ukutani ikaishia hapo. Hakuna mlango juu wala dari. Unapanda, unagusa ukuta, unageuka, unashuka. Ilikuwa ya kufundishia watu kushuka, basi. Lakini ukikaa kwenye lile benchi peke yako mchana, jua kali nje na ndani kimya, unajikuta unaitazama ngazi ile muda mrefu, kana kwamba kuna mtu anayetarajiwa kushuka. Wakati mwingine mbao za juu zililia bila kukanyagwa. Joto, alisema.

"Mnadhani goti ni goti," alikuwa akituambia. "Goti ni yatima. Wanaolilea wako juu, pajani."

Halafu anakushika hapo. Mikono yake ilikuwa ya baridi hata mwezi wa Januari. Upande wa ndani wa paja, juu kidogo ya goti, kuna msuli mdogo uliokaa kama tone la maji linalotaka kudondoka. Huyo alimwita Mdogo. Wa upande wa nje alimwita Bwana Mkubwa. Mguu ukiumia ukafungwa, Mdogo ndiye wa kwanza kulala na wa mwisho kuamka. Bwana Mkubwa anaamka mapema, anashika kazi zote, analivutia goti kwake, na wewe mwenyewe unatembea tambarare unajisifu umepona. "Subiri ufike kwenye mteremko," alisema. "Mteremko ndio utakaokuambia nani yu macho na nani kalala."

Kumwamsha Mdogo kulikuwa ni kazi ndogo ya kukera. Unakaa mkekani miguu imenyooka, unaviringisha kanga unaiweka chini ya goti, vidole vya mguu unavigeuza nje kidogo, halafu unaibonyeza kanga chini kwa goti, polepole, na kushikilia. Hakuhesabu. Midomo yake ilianza kuchezacheza bila sauti, na wewe unashikilia mpaka midomo itulie. Wapo waliosema anasali, wapo waliosema mengine. Nilimwuliza mara moja anasoma nini. Akasema, "Kwani nasoma?" Akashangaa kweli kweli.

Halafu anaweka vidole viwili pale penye tone, anainama, anasema, "Amka."

Haki ya Mungu nimeyaona haya. Alikuwepo mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, mtu mzima, goti lake lilifunguliwa likashonwa. Siku hiyo amelala mkekani, usingizi umemchukua, anakoroma taratibu. Mama Mazoezi alikuwa ng'ambo ya pili ya chumba, ananifunga kifuko cha mchanga. Bila kugeuka, bila kumgusa yule mama, akasema, "Amka wewe." Aliyekuwa analala hakuamka. Ila nyama ya paja lake, pale pale juu ya goti, ikarukaruka kama kuna kitu kinabisha hodi kwa ndani. Mimi nikatazama ukuta. Mama Mazoezi akacheka, "Mshipa huo, binti. Mishipa ina mambo."

Sasa nifike kwenye mguu wa mfano, maana ndiko maneno yalikoanzia.

Alikuwa na njia yake ya kufundisha, sijaisikia kwa mwingine. Mgonjwa ambaye Mdogo wake amelala fofofo, aliambiwa aje na ndugu yake mwenye miguu mizima. Ndugu yule anakaa mkekani ubavuni kwa mgonjwa, goti kwa goti. Mgonjwa anaweka kiganja kwenye paja la ndugu yake. Ndugu anakaza, mgonjwa anamsikia Mdogo wa mwenzake anavyoinuka chini ya mkono. Ndugu analegeza, Mdogo analala. Tena. Tena. Halafu mgonjwa anahamisha kiganja kwenye paja lake mwenyewe, anafumba macho, anajaribu kumtafuta wa kwake kwa kumbukumbu ya mkono. Huyo ndugu ndiye aliyeitwa mguu wa mfano. Wakimaliza, Mama Mazoezi anapiga kofi dogo pajani, anasema, "Tayari."

Jambo lenyewe ni la akili kabisa. Lakini fikirini nyakati zile. Kila kitu kilikuwa kinahama mikono. Kiwanda ulichokizoea, asubuhi unakuta geti lina mlinzi mgeni hakujui. Jirani yako jana alikuwa karani, leo anapanga viatu vya mitumba chini. Mmoja akinyanyuka, mwingine palepale anakaa chini. Watu wakazoea kuona hivyo, basi wakaona hata miguu inaweza kuhama.

Ilianza na mcheza mpira wa timu ya kiwandani. Alivunjika mguu, akafungwa hogo la plasta, lilipotolewa paja limekuwa jembamba kama mkono. Mguu wake wa mfano alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, naye mchezaji, tena hodari kumshinda kaka. Mchezaji akapona, akarudi uwanjani. Mdogo wake akaacha mpira. Hakuumia, hakugongwa, hakuanguka. Aliacha tu. Nilimsikia kwa masikio yangu kwenye genge la chipsi akiwaambia wenzake, "Tangu siku ile mguu huu nauona kama wa mtu mwingine. Nauambia nenda, unafikiri kwanza."

Weee! Kihonda nzima ikajaa maneno. Ndugu wakaanza kupata safari za ghafla. Mama anamwacha mwanawe mgonjwa getini kwa Mama Mazoezi, yeye anasimama ng'ambo ya barabara.

Mwenyewe alikasirika. "Mimi si mganga! Nina cheti!" Na kweli cheti kilikuwepo ukutani, kimepauka. Lakini mtu huyu alikuwa na mambo yasiyoungana. Mwenye cheti huyo huyo hakukubali mtu aruke mguu wa aliyelala mkekani. Ukijisahau ukauruka, anakurudisha uuruke tena kinyume. Mfano na mgonjwa hawakutoka pamoja. Mgonjwa anatangulia, mfano anabaki kidogo amekaa, mpaka aambiwe. Kwa nini? "Ndivyo nilivyozoea." Na ukimbana hasa, ukimwambia, Mama, sema wazi kwamba hakuna kinachohama, hasemi hakihami. Anasema, "Kitabuni hakuna hilo." Uzito wa jibu hilo nilikuja kuuona baadaye sana, nikiwa nimelala, nikaketi kitandani.

Na mvivu! Jamani. Alitutesa sisi kupanda na kushuka, yeye yuko kwenye kigoda anatafuna mahindi ya kuchoma, magoti yake yamevimba na kila akiinuka anaguna. Nikamtania siku moja, "Mganga hajigangi." Alininyima maneno mpaka siku nyingine. Kusifia ndiyo kabisa hakujua. Ukifanya vizuri kupita wote sifa yako ilikuwa, "Kumbe yupo." Mimi nililia kuisikia hiyo kumbe yupo.

Maana mimi nilikuwa mfumaji wa kiwanda cha nguo. Sakafu ilikuwa na maji, nikateleza, goti likagonga chuma, mfupa wa juu ukapasuka. Hogo lilipofunguliwa nikakuta kiwanda kimeuzwa na sisi tumepunguzwa, na paja langu nalo limepunguzwa. Hayo yote ningeyameza. Kilichonikata maini ni mama.

Mama yangu alikuwa anaishi juu milimani, kijiji ambacho gari halifiki. Unashuka mwisho wa barabara halafu ni kupanda, mawe na migomba na ukungu, na kurudi ni kuteremka pale pale. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Shamba ni la mama, nyumba ni ya mama, na mimi ndiye binti pekee aliyebakia. Alikuwa mtu mzima ila ana nguvu. Siku za soko aliteremka mjini na tenga la ndizi kichwani, akapanda nalo tupu, hashiki fimbo. Tangu niumie aliacha kunitembelea, maana alisema mzazi hamfuati mtoto mgonjwa kwa mume. Mtoto ndiye anapelekwa kwao akauguzwe. Na mimi nyumbani kwetu sikuweza kufika. Kupanda ningepanda kwa kujikokota. Kushuka, goti lilikuwa linaachia ghafla, naanguka kama gunia. Kwenye ngazi ya Mama Mazoezi nilishuka kwa makalio. Nilikuwa naota mama amekufa na mimi nimesimama chini ya mlima nauangalia.

"Lete mguu wa mfano," akaniambia.

Nikamwambia baba watoto. Akaweka kijiko chini. "Nikupe mguu wangu, halafu nani atawalisha hawa?"

"Si kupewa. Ni kushika tu."

"Hata yule mchezaji alishika tu," akasema, akaendelea kula wali.

Sikumlaumu sana. Mama mmoja wa kijijini kwetu, aliyeshuka na mboga, alikuwepo nyumbani kunijulia hali, akayasikia yote. Akasema taratibu kwa Kiluguru, ambacho mume wangu hakijui, "Huyo ni wa ukoo mwingine, mguu wake hata ungekubali usingekaa." Akabeba kapu lake akaenda zake mlimani na habari hiyo.

Basi Mama Mazoezi akatoa paja lake mwenyewe liwe mfano. Halikufaa, lilikuwa limejaa mafuta, simsikii Mdogo wala Mkubwa. Niliibonyeza kanga mpaka jasho. "Siye huyo," aliniambia, vidole vyake viwili viko penye tone. Tena. "Siye huyo." Nikachoka na kuchukia. Siku moja nilitupa kanga nikamwambia huyo Mdogo hayupo, amekufa, tuzike tuondoke. Akatazama dirishani, upande wa mlima.

Halafu ikaja siku nyingine, siku ya kawaida kabisa, mawingu yameshuka mpaka yamefunika nusu ya mlima. Niliamka na mguu wa moto. Siyo maumivu, moto mzuri, kama umeota jua. Nikaenda Kihonda. Nikapanda ile ngazi, nikagusa ukuta, nikageuka. Na nilipotazama chini, kabla sijaamua, mguu wa kulia ukawa umeshashuka. Ukatua. Ukanishika. Wa kushoto ukafuata. Nikafika sakafuni nimesimama wima, nikapiga kigelegele peke yangu.

Mama Mazoezi alikuwa na hindi mkononi. Hakusema kumbe yupo. Alikuja akapiga goti mbele yangu, yeye na magoti yake yale mabovu, akaweka vidole viwili juu ya goti langu na kuviacha hapo kwa muda mrefu. Uso ulikuwa umembadilika kama mtu aliyesikia sauti anayoijua kwenye nyumba isiyo yake.

"Umekula nini?" akaniuliza.

"Ugali."

"Nenda nyumbani," akasema. "Usirudi tena. Umepona." Hata kuniaga hakuniaga.

Nikaenda kwetu. Ukungu siku hiyo ulikuwa mzito, unasikia maji ya kijito na hukioni. Njia sikuwa nimeipita muda mrefu, nilifikiri nitapotea. Nikafika penye njia panda, mimi nilitaka kushika ya juu, mguu wa kulia ukashika ya chini. Nikaucheka. Nikaufuata. Ilikuwa njia ya mkato ya kisimani ambayo mimi sikuwahi kuijua, maana nililelewa shule ya bweni. Mguu ulijua jiwe lipi linacheza na lipi halichezi. Nilikuwa naufuata kama mgeni anayefuata mwenyeji wake.

Mama alinisikia nikiwa bado uani. Akainuka kunipokea. Akaja kwangu mikono imefunguka, anacheka, na mguu wake wa kulia anauburuta.

"Mama! Umefanya nini?"

"Uzee, mwanangu. Hebu nyoosha wako niuone."

Akaniketisha, akanishika goti, akaliminya huku na huku akifurahi kama mtu aliyenunua kitu kizuri kwa bei ya kutupwa. Nilimuuliza na kumuuliza. Uzee, uzee, uzee. Ni jirani aliyenitoa pembeni. "Mama yako alishuka siku ya soko, mzima huyu, na ndizi zake," akaniambia. "Jioni akarudi hivyo. Tena ndizi alirudi nazo. Hakuziuza hata moja."

Mama hakushuka tena mlimani. Mimi nilipanda kwake kila nilipoweza, na kila nilipopanda nilimkuta anatembea kidogo kuliko safari iliyopita: kwanza mpaka kisimani, baadaye mpaka jikoni, baadaye mpaka mlangoni. Nilitaka kumwuliza. Naapa nilitaka. Ila yeye alikuwa ananiangalia ninavyokuja uani kwa hatua zilizonyooka, furaha imemjaa usoni, na mimi ningeanza vipi? Alipofariki tulimzika juu kule, na nikashuka mteremko wote ule kwa miguu, mvua inanyesha, watu wanateleza na kushikana. Mimi sikuteleza. Nilitamani niteleze. Nilitamani angalau goti liniume siku ile, halikuuma hata kidogo.

Nikakaa na swali. Mara naamini ni mazoezi, mara siamini. Nikiwa natwanga, nikiwa kanisani, naukazia macho mguu huu kama mtu anayemshuku mpangaji. Mama Mazoezi mwenyewe alishafunga chumba chake. Kliniki mpya zilifunguliwa, zenye mashine za umeme, wagonjwa wakahamia huko, na yeye nikasikia amehama mji.

Miaka imepita mingi, watoto wangu wameshakuwa wakubwa, ndipo nikamsikia yuko Mlali, anaishi na mtoto wa dada yake mwenye shamba la nyanya. Nikafunga safari. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yana ukungu. Nyuma yake milima imekaa kimya. Nilikuwa bado sijafika karibu, akainua kichwa.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Ni binti wa kiwandani."

Hakuuliza habari za watoto. Mimi nami sikuzunguka. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia, "Mama, mama yangu alikuja kwako?"

Mtoto wa dada yake alituletea maji, akatuacha.

"Alikuja," akasema. "Na tenga lake. Akalitua pale mlangoni, akavua kandambili, akakaa mkekani bila kukaribishwa, akapandisha kitenge. Akasema, nimeambiwa mwanangu amekosa mguu wa mfano. Mimi ni mama yake, ukoo ni mmoja. Chukua wa kulia."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ninayowaambia wote. Kwamba hakichukuliwi kitu, ni kufundisha mkono tu, na wewe mwenyewe hukuwepo siku hiyo, sasa nitamfundisha nani? Akasema, hata asipokuwepo, wewe chukua, utampa akija. Nikamwambia nenda nyumbani mama. Hakuondoka. Wagonjwa wengine wakaja wakaondoka, yeye amekaa tu amenyoosha mguu. Nikamwonea huruma, binti. Nikaona nimfurahishe, aondoke kabla giza halijamkuta njiani. Nikaweka mkono. Nikamwambia kaza, akakaza. Mdogo wake alikuwa na nguvu! Sijawahi kumshika wa namna ile. Nikamwambia legeza. Nikapiga kofi, nikasema, tayari."

"Halafu?"

"Akaniambia asante. Akainuka, akaanguka."

Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Aliamini tu, Mama. Mtu akiamini mguu umetoka, hatauwekea uzito, na usipouwekea uzito unasinyaa. Si ndivyo? Wewe ndiye ulitufundisha hivyo."

"Ndivyo nilivyojiambia," akasema. "Kila siku najiambia hivyo. Ni kweli kabisa, iko kitabuni."

"Na mimi nikapona kwa mazoezi."

Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya paja lake mwenyewe.

"Mazoezi yako ulikuwa unakosea," akasema. "Tangu mwanzo. Ulikuwa unabonyeza kwa nyonga. Yule Mdogo wako hukumgusa hata siku moja, na mimi nilishakata tamaa, nilikuwa nakusubiri uje nikuambie usihangaike tena. Ukaja. Ukapanda, ukashuka. Nilipokushika goti nilimkuta yuko macho, ana nguvu. Na huyo huyo nilikuwa nimemshika juzi yake tu, kwa mama yako. Mikono yangu haisahau, binti. Usiniulize zaidi, mimi ni mtu wa cheti."

Nililia. Nililia kwa sauti hapo uani kwa watu, mtu mzima mimi, nimejishika goti kwa mikono miwili kama nimembeba mtoto. Hakunibembeleza. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza, nikafuta uso kwa ncha ya kanga. Halafu akasema, "Inuka. Nataka kuona unavyotembea."

Nikainuka. Nikatembea mpaka kwenye migomba, nikageuka, nikarudi kumwelekea, polepole, maana machozi yalikuwa hayajakauka. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza hatua zangu. Nilipokaribia, nikamwona anashika mikono ya kiti, anahangaika kuinuka, anainuka kweli, bibi kizee yule, akanyooka kwa heshima akaunganisha viganja vyake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikafungua mdomo nimwambie ni mimi, nikajisikia naitikia: "Marahaba, mwanangu."